Pale Wimbo Unapojikwaa

Saa tatu asubuhi, fundi spika ameinamia spika kubwa iliyopasuka karatasi yake, brashi ya gundi ameibana kwa meno, kidole chake kinagonga ukingo taratibu. Anasikiliza. Anagonga tena, anakunja uso, kisha anapaka gundi mahali ambapo mimi sioni kasoro yoyote. Nyuma yake, kando ya rafu iliyopinda kwa uzito wa redio zilizotelekezwa na wenyewe, linaning'inia gitaa la umeme lililobabuka rangi.

Mteja aliyeketi kwenye benchi analitazama gitaa hilo weee, mwisho uvumilivu unamshinda.

"Fundi, hivi ule wimbo mliutunga au mliuiba?"

"Spika yako itakuwa tayari mchana," anajibu fundi bila kuinua kichwa.

Wimbo wenyewe ni "Paa Linavuja". Aliyekuwa kijana enzi za kaseti hahitaji kuelezwa. Uliimbwa na bendi ya roki ya watu watatu: fundi huyu kwenye gitaa na sauti, shemeji yake kwenye dramu, na rafiki yao mpiga besi ambaye sasa ni marehemu. Walianza kwa kupiga nyimbo za kigeni kwenye sherehe za harusi, na kwa maelezo ya fundi, hawakupendwa hata kidogo.

"Wazee walikuwa wanaziba masikio. Bwana harusi mmoja alitulipa ili tunyamaze," anasema huku akicheka. "Tena alilipa vizuri kuliko waliotaka tupige."

Ndipo wakatunga wa kwao. Redio ikaupenda, kumbi zikajaa, wakazunguka miji kwa basi dogo ambalo dramu zilikaa kwenye viti na wao wakakaa sakafuni. Ikaja miaka ambayo wenye kumbi waliwataka madijei tu, bendi ikafa kimyakimya. Fundi akarudi kwenye spika, shemeji yake akajiajiri kuoka mikate.

Kilichoupa wimbo huo umaarufu ni mwanzo wake. Gitaa linatembea vizuri, halafu ghafla linajikwaa, kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani, dramu inalidaka na safari inaendelea. Wachezaji walikuwa wakiinua mguu pale pale, ukumbi mzima. Aliyekosea alijulikana kuwa ni mgeni.

Mwaka huu vijana wameufukua wimbo huo na kuurushiana kwenye simu. Ukumbi mmoja umewaalika wazee hawa wapige tena mwisho wa mwezi. Kila kitu kilikuwa shwari mpaka msikilizaji mmoja alipopiga simu redioni na kudai kwamba mwanzo wa "Paa Linavuja" umenyofolewa kwenye wimbo wa zamani wa bendi ya kigeni.

Kuanzia hapo hakuna aliyelala. Mmoja anasema ni wizi mtupu, mwingine anasema wimbo huo wa kigeni ni wa haraka na hauna ule mkwamo, wa tatu anauliza kwani nani duniani aliwahi kutunga kitu kisichofanana na kingine. Kinyozi wa mtaa wa pili amepiga marufuku mjadala huo ndani ya kibanda chake, kwa sababu wateja wanageuza vichwa wakati wembe uko shingoni.

Mimi nilikuja hapa kwa udadisi tu, nikitaka kujua ukweli uko wapi. Sikujua kwamba ubishi huo umekwisha kuingia ndani ya familia.

"Shemeji amegoma," fundi ananiambia akifuta mikono. "Anasema hapandi jukwaani kupiga mali ya wizi. Ananiuliza mimi, kwa sababu gitaa nilianza mimi. Na mimi nakwambia kweli, sikumbuki. Tulisikiliza kaseti nyingi sana. Naweza kuapa kwamba sikuiba, lakini siwezi kuapa kwamba sikusikia."

Bila mpiga dramu huyo hakuna onyesho. Fundi anasema onyesho likifa atasikitika, lakini kinachomkosesha raha ni kwamba mtu aliyekula naye sahani moja tangu ujana sasa hamsemeshi.

Mke wa fundi, ambaye ndiye dada wa mpiga dramu, anatuletea chai na mkate. "Mikate inakuja kila asubuhi, mwenyewe haji," anasema. "Mimi nilimpenda huyu baba kwa ajili ya wimbo ule. Kama ni wa wizi waseme mapema, nirudi kwetu."

Mchana, fundi anaamua yaishe. Anavuta boksi kutoka chini ya meza. Ndani yake mna redio kaseti ambayo bendi ilijifunzia nyimbo, na kaseti za wakati ule. Anamtuma mkewe akamlete shemeji, na mama huyo anarudi naye amemshika mkono, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Nina mikate kwenye tanuri, dada."

"Itaungua. Kaa."

Fundi anaichagua kaseti yenye wimbo wa kigeni unaolalamikiwa, anaiweka kwanza kwenye redio ya mteja iliyokwisha kutengenezwa. Wimbo unakwenda mbio, sauti nyembamba juu. Tunatazamana. Unafanana kwa mbali, kama binamu wa mtu.

Kisha anaiweka kwenye ile redio ya zamani. Mkanda unaozungusha kaseti ndani yake si wa dukani. Ule wa asili ulipokatika, vijana hawa hawakuwa na pesa ya mwingine, wakakata mpira wa tyubu ya baiskeli na kuushona ncha kwa ncha. Fundi anaupeleka mkanda kwa kidole, anabonyeza.

Redio inakoroma. Kwa mkanda huo uliolegea, wimbo ule ule unatoka polepole, mzito, umeshuka chini. Ni "Paa Linavuja", noti kwa noti. Fundi anafumba macho, na ninaona wazi kwamba ameumia.

"Basi tuliiba," anasema.

Lakini mkanda unazunguka, na pale sehemu iliyoshonwa inapopanda kwenye gurudumu, wimbo unajikwaa. Unasita, unadakwa, unaendelea. Mguu wa mpiga dramu umeinuka wenyewe kutoka sakafuni.

"Rudisha," anasema shemeji. Ni neno lake la kwanza kwa fundi kwa wiki nzima.

Fundi anarudisha. Wimbo unajikwaa tena, na wote wawili wanaangua kicheko kama watoto. Waliufundisha mkono na mguu ule mkwamo mpaka wakasahau ulikotoka, kumbe bendi ya kigeni haikuujua kabisa.

"Nani aliushona ule mkanda?" nauliza.

Mama anamtazama kaka yake. "Wewe si ndiye uliyeniibia sindano yangu? Nikakukuta unashona mpira, nikakwambia unashona vibaya?"

"Fundo lilikuwa kubwa," anakiri mpiga dramu. "Huyu alinigombeza mwezi mzima."

"Nilikugombeza kwa sababu ulikuwa unaharibu nyimbo za watu," anasema fundi.

Anabonyeza mara ya tatu. Mpira uliokauka miaka yote hiyo unalia kidogo, kisha unakatika. Hakuna msikilizaji mwingine atakayesikia tulichosikia.

Namuuliza fundi atawaambia nini watu. Anasema mwisho wa mwezi, wakipanda jukwaani, wataanza na wimbo wa kigeni jinsi ulivyo, waitaje bendi yenyewe kwa jina, ndipo wapige wa kwao. "Watu wapime wenyewe. Tulichokichukua tutakisema. Lakini natamani wangesikia na hii redio."

Shemeji ameokota kipande cha mpira, anakipima kati ya vidole vyenye unga. Harufu ya mikate inayoungua imeanza kutufikia, hajali.

"Nitafutie tyubu," anasema. "Nitakushonea mwingine."

Mama amekwisha kutoa sindano kwenye upindo wa kanga yake. Fundi anaipokea, anampa shemeji yake.

"Lakini shemeji, tafadhali," anamwambia. "Shona vibaya vilevile."