Blanketi Hukamuliwa na Wawili

Saa nne asubuhi, Kisumu Ndogo, Kibera. Mwanamke mgeni anainama chini ya kamba za nguo na kusimama kando ya beseni la Trizah Akinyi.

"Mama Billy? Naitwa Nyawira, muuguzi wa kliniki. Billy hakuja kuchukua dawa."

Trizah hainui macho. Yeye na mwanawe Billy, kijana wa miaka ishirini na minne, wameshika ncha mbili za blanketi lililolowa. Kila mmoja akizungusha kuelekea kulia kwake, maji hukamuka. Billy anaanza vizuri, kisha mikono inapotea, anazungusha kushoto. Blanketi linalegea, maji yanammwagikia miguuni.

"Billy, hiyo ni kufua ama ni densi?" jirani anatania. Watu wanacheka. Billy naye anacheka, wenzake wakiwa wameshanyamaza.

Trizah hufulia watu nguo kwa kibarua. Billy alipoanza kujibu sauti ambazo hakuna mwingine aliyezisikia, hospitalini walisema ni skizofrenia. Kanisani walisema ni pepo. Kuhusu mikono hakuna aliyesema neno.

"Nilidhani ni uvivu," asema Trizah. "Nilimgombeza mpaka koo likakauka."

Nyawira anampima Billy kwa kumwonyesha miondoko mitatu ya kuiga: ngumi pajani, ubavu wa mkono, kisha kiganja. Billy anafuata. Mara ya pili, ngumi inatua mahali pa kiganja.

"Pole pole, hatukimbizwi," Nyawira anasema.

"Najua inafaa kwenda wapi," Billy anasema. "Mkono ndio haujui."

Nyawira anaeleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, sehemu za ubongo zinazopanga mwendo hazipokezani vizuri. Ni ishara ndogo, na huenda hata picha ya ubongo isizionyeshe. Zenyewe hazitoshi kuthibitisha ugonjwa. Kugombeza hakuziondoi.

Trizah anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kwa hivyo miaka hii yote alikuwa anajaribu?"

Billy anaokota ncha yake ya blanketi.

"Na kliniki je?" Nyawira anauliza.

"Nilikuwa nimefungiwa," Billy anasema.

Ni kweli. Trizah akienda kufua Riruta, humwacha ndani na kufuli nje. Aliwahi kuacha mlango wazi, Billy akatoka. Mwendo wake wa kuyumba ukamponza, vijana wakampiga wakidhani ni mlevi aliyekuja kuiba.

"Usinifungie tena, Mathe," Billy anamwambia mama yake.

"Sitakufungia."

Jumatatu wanafika pamoja Riruta, kwenye nyumba inayompa Trizah kazi ya uhakika kila wiki. Mwenye nyumba anafungua geti nusu.

"Wewe ingia. Huyo mrudishe ukamfungie, kama kawaida."

Trizah anamtazama Billy, ambaye tayari amekunja mikono ya shati.

"Basi leo hakuna kufua, mama," Trizah anamwambia mwenye nyumba.

Trizah anataka kutafuta ua wa kufulia Sarang'ombe, huko huko Kibera, wateja wamletee nguo hapo, Billy akiwa kando yake. Bado hajaupata. Wanarudi Kibera kwa miguu, bila pesa ya chakula cha jioni, Billy akitangulia.