Mahindi Yaliyolala Chumbani Mwetu

Siku ile jikoni tulikuwa mama, jirani yetu mjane aliyekuja kuazima kinu, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitindamimba wetu ambaye alikuwa bado hajaanza shule, na mimi. Baba tulikuwa tumeshamzika kitambo. Kati ya hao niliowataja, mmoja hakuuona msimu uliofuata. Hata leo, hapa hapa Kitui, nikinusa gunia lenye unyevu ninamwona mama akiinama juu ya kinu.

Wewe uliyelelewa Ukambani unaukumbuka mlio wa kinu jioni, ukiitikiana nyumba hadi nyumba, wanawake wakitwanga mahindi kuondoa ganda ili wapate muthokoi. Pumba zinakuingia puani, kuku wanasukumana miguuni mwako, na kunde zinachemka polepole kwenye mafiga. Nilipenda saa hiyo kuliko zote. Kazi yangu ilikuwa kupepeta, na mama alinisifu kwamba ungo wangu haumwagi punje.

Mwaka ule mvua ilichelewa, kisha ikakataa kuondoka. Wezi walikuwa wakivuna mashamba ya watu, kwa hiyo mama, kama wengi, alivuna kabla mahindi hayajakauka. Hakuthubutu kuyaanika nje. Aliyajaza kwenye magunia, akayalaza juu ya sakafu ya udongo chumbani tulimolala, akafunga mlango. Tuliyaegemea magunia yale tukahisi joto likitoka ndani yake, tukafurahi. Nyumba yenye magunia ilikuwa nyumba yenye heshima.

Yalipofunguliwa, punje zilikuwa zimeota kuvu ya kijani.

"We mama, haya mbona yananuka kama blanketi lililonyeshewa?" jirani aliuliza siku ile, akichota konzi moja.

"Njaa haina pua," mama akamjibu. "Kinu kitatoa ubaya wote. Na wewe umekuja kuazima kinu ama kunusanusa jiko langu?"

Wakacheka. Ndivyo tulivyoamini sote: ukitwanga, ukaosha, ukachemsha sana, ubaya umekwisha. Muthokoi ule ulikuwa na uchungu kidogo. Mama akauongezea chumvi.

Kuku waliokula pumba wakaanza kufa. Tukasema ni ule ugonjwa wa kuku unaopita kila mwaka. Sisi wawili wakubwa tulikula mchana shuleni; mama na kitindamimba walikula muthokoi ule asubuhi, mchana na jioni. Kisha macho ya mama yakageuka manjano na tumbo likavimba, na kitindamimba naye akaanza kutapika. Wengine walisema amerogwa. Jirani ndiye aliyekumbuka kuku, akafunua sufuria, akanusa, akasema, "Hakuna mtu aliyeroga hapa. Ni chakula."

Alimfunga kitindamimba mgongoni, mama akakalishwa katikati yake na mwenye bodaboda, wakaenda hospitali. Daktari alisema ni sumu ya kuvu, imeshalishika ini, na hakuna moto wa jikoni unaoiua. Kitindamimba alirudi akitembea. Mama tulimleta katika sanduku.

Sikurudi darasani. Baada ya mazishi, jirani alitoa magunia yetu yote, akachimba shimo, akayafukia. Mdogo wangu alimng'ang'ania mkono akilia, "Mama, sasa tutakula nini?" Jirani alienda kwake, akashusha mahindi yaliyoning'inia juu ya moshi wa jiko lake, mbegu aliyokuwa ameiweka kwa msimu ujao, akatupikia na maharagwe. Akapika na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka mbegu ikaisha. Mvua iliponyesha sisi tulikuwa hai, na shamba lake likabaki tupu. Mwaka huo alienda kuchimba mitaro katika mashamba ya watu huko Kibwezi, na mgongo wake haukunyooka tena.

Siku hizi muthokoi hukobolewa kwa mashine sokoni, na jioni zetu zimenyamaza. Mimi huanika mahindi juu ya turubai, na magunia nayapanga juu ya mbao, mbali na ukuta. Vijana wa nyumba hii nimewafundisha kutia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, kisha kutikisa: chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Yenye kuvu hayaliwi, hata kuku hawapewi. Wananicheka kwa ukali wangu. Wacheke.

Mavuno yaliyopita nilimpelekea jirani debe la mbegu nilizochagua kwa mkono wangu. Amezeeka sasa, hushinda mlangoni akiota jua. Alichukua punje moja, akaiuma kwa jino lililobaki, ikalia kavu.

"Mbegu umerudisha, mwanangu," akasema. "Na ile mvua je?"

Alikuwa akinitania. Nilicheka naye, nikamfagilia uwanja, nikamtekea maji, nikashika njia ya nyumbani. Lakini mvua ile ilinyeshea shamba tupu kwa ajili yetu, na mpaka leo sijajua inalipwa kwa kitu gani.