D ya Fizikia

Mume wangu tulimzika Alhamisi, Puge. Binti yetu hakuwepo. Alikuwa bweni, Tabora mjini, akifanya mitihani ya kidato cha sita, na ukoo ulikubaliana asiambiwe mpaka amalize. Kwetu mwanafunzi hufichwa msiba. Mimi nami niliitikia kwa kichwa, nimekaa mkekani.

Jumamosi simu ikaita. Namba ya matroni.

"Shikamoo mama. Baba anaendeleaje?"

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, mwalimu mstaafu, alikuwa karibu. Alinitolea macho. Nilifungua kinywa niseme anaendelea vizuri, nikashindwa. Mtoto yule sikuwahi kumdanganya hata kuhusu uchungu wa dawa.

"Baba hatunaye," nikasema. "Tumemzika juzi."

Hakulia. Aliuliza baba alisema nini mwishoni. Nikamwambia hakusema kitu, sauti ilikwisha mapema. Simu ikakatwa.

Jumatatu alifanya fizikia.

Matokeo yalipotoka alikuwa na A ya biolojia, B ya kemia, D ya fizikia. Mimi niliishia darasa la saba. Nilidhani A na B zitaibeba hiyo D. Shemeji alikuja kutoka mjini kunifundisha. Hakusubiri hata maji.

"Kwa udaktari, D inamruhusu kuomba tu. Atagombea nafasi na wenye A tatu. Umeona kazi ya mdomo wako?"

"Nimeona."

"Nimeona! Kama umeulizwa habari za mvua. Ungeuma ulimi siku chache tu, shemeji."

"Aliniuliza."

"Na mwizi akikuuliza ufunguo uko wapi?"

Wifi zangu, waliokuwa wakimenya karanga, wakacheka. Nilimchukia siku ile na sijaacha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Alitaka binti aombe chuo cha utabibu, ngazi ya stashahada, asipoteze mwaka. Binti akakataa. Tukaenda wawili mjini, kwenye duka la stesheneri wanakojaza maombi. Kabla mwenye duka hajatuma, binti akanigeukia.

"Mama, nitapata?"

"Sidhani," nikasema. "Lakini tuma."

Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. Mwenye duka akainamia mashine yake. Tulirudi Puge, na kwa wiki kadhaa alinijibu ndiyo na hapana, basi.

Majina ya waliochaguliwa yalipotoka alikuwa mjini, kwa baba yake mkubwa. Akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Sikupata. Hata chuo kimoja."

Nyuma yake nilimsikia shemeji akifoka: "Si tumekubaliana usimwambie sasa hivi! Presha yake iko juu!"

"Nimeshamwambia," binti akamjibu. Kisha kwangu: "Dirisha la pili la maombi linafunguliwa Jumatatu. Naomba udaktari tena. Nikikosa, naenda utabibu. Unaonaje?"

Ningeweza kusema atapata. Shemeji angenisifu kwa mara ya kwanza.

"Nafasi zilizobaki ni chache kuliko za mwanzo," nikasema.

"Najua, mama."

Ndipo akalia, kilio cha baba yake, kilichokuwa kimekaa tangu ile Jumamosi. Nami nikalia mlangoni, simu sikioni. Safari hii hakuna aliyekata.