Mabenchi mapya ya kanisa letu

Leo nimesimama karibu misa nzima, na benchi lilikuwa na nafasi.

Mama alinivuta sketi. “Kaa, wewe! Una jipu?” Wanakwaya wakacheka.

Sikiliza kwanza.

Kabla ya misa, seremala alinionyesha mabenchi mapya kwa furaha. Mbao zote zimetoka kwenye ule mvule wa ukingoni mwa msitu, wenye tundu juu.

Humo ndimo alimokuwa akilala bundi niliyekuwa nikimfuatilia kwa utafiti wangu tangu nimalize chuo. Mkubwa, kahawia, macho ya rangi ya chungwa. Wa aina yake wamebaki wachache, na nje ya misitu ya milima kama hii hawaishi.

“Na bundi je?” nikamuuliza.

“Tulimuua kwanza, dada. Benchi za Mungu zisije zikapata nuksi.”

Alingoja nimshukuru. Nikasema asante. (Ndiyo, mimi.)

Padri alipobariki mabenchi, Mama akalia. Alikuwa ametoa mpunga wake wa mwaka mzima kuyachangia. Akanishika mkono. “Kaa nami, mwanangu.”

Nikakaa.

Mbao zimepigwa randa vizuri sana.

Ninyi mngeendelea kusimama?