Mluzi wa Gari ya Rajab

Nyange hubadilisha sura za magari. Karakana yake iko Machomane, pembeni mwa mji wa Chake Chake, chini ya bati lililotoboka. Wanaotaka gari zao zionekane ngeni humpelekea awatolee shoo ya kiwandani, ule uso wa mbele ulio kati ya taa mbili, awatilie nyingine yenye wavu mweusi au mistari ya kung'aa. Anajua kuitoa bila kuvunja klipu hata moja. Ni mtu mpole, asiyesema sana, na gari aliyoiogopa maishani mwake ilikuwa moja tu.

Ilikuwa ya mdogo wake, Rajab. Rajab hakununua shoo. Aliikata mwenyewe kutoka bati la pipa, akaitoboa matundu membamba yaliyopangwa kama nakshi za dirisha la msikiti. Gari ikishika kasi, upepo ulipita kwenye matundu yale ukatoa mluzi mrefu, mwembamba. Pujini, kijijini kwao, kila mtu aliujua. Mama yao, Bi Kazija, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, alikuwa akiusikia tu huteleka chai, na gari ikifika mlangoni maji yamekwisha kuchemka.

Msimu wa karafuu uliopita, Rajab alianguka kutoka juu ya mkarafuu. Alizikwa siku ile ile. Bi Kazija aliishika sanda kwa mikono yake, akalia. Hitima ikasomwa, mirathi ikagawiwa, gari ikanunuliwa na Abdulsamad, mtu wa Wingwi aliyeoa Pujini. Kisha alasiri moja Abdulsamad akapita kwenda kwa mkewe. Mluzi ukasikika, na Bi Kazija akainuka akateleka chai.

Gari haikusimama. Akasema mwanawe ana abiria leo, atarudi. Ikawa hivyo kila alasiri, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumzika Rajab mbele yake mara ya pili.

Abdulsamad alipoileta gari karakana, alikuja na shoo mpya imefungwa kwenye gunia. Alisema gari huikodisha kwa maharusi, lakini watu wameanza kuikataa. Mwanamke mmoja wa Wingwi aliteremka katikati ya safari, akasema mluzi ule unaita wasioitwa.

"Fundi, biharusi gani atapanda gari ino?" alisema. "Hata mke wangu ananambia kaolewa na wanaume wawili, mmoja anapiga mluzi, mmoja anakula."

Nyange alicheka kidogo, kisha akaomba aachiwe gari kwa muda. Abdulsamad akasema ana arusi Ijumaa.

Akaifungua. Nyuma ya shoo, kwenye mapezi ya rejeta, karafuu kavu zilikuwa zimenasa, na harufu yake ikamjia usoni kama pumzi ya mtu. Kingo za bati zilikuwa na alama za tupa, zote zikielekea upande mmoja. Rajab alikuwa mkono wa kushoto. Nyange aliiegemeza shoo ile ukutani, ikiwa imeelekea ndani, akafunga ile mpya.

Ijumaa alikaa na mama yake barazani. Gari ikapita kimya. Bi Kazija aligeuza sikio njiani, akangoja mpaka vumbi likatua.

"Leo hajapita," alisema.

Kesho yake alisema hivyo tena. Baadaye akaacha kusema, akaacha na kula. Alikaa ameelekea barabara, na mtu akimsemesha hujibu kwa mkono, kama anayezuia kelele ili asikie.

Nyange akaichukua ile shoo ya Rajab pale ukutani. Gari yake mwenyewe ilikuwa nyembamba kuliko ya Rajab, ikambidi aipunguze shoo ncha kwa tupa, na alipoitazama imekaa mahali pake hakuipenda gari yake tena. Njia nzima kutoka Chake alipanga maneno: Mama, ni mimi. Rajab amekufa. Nimekuletea sauti yake tu, uisikie ukitaka. Lakini mluzi ulifika Pujini kabla yake.

Bi Kazija alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake maji yalikuwa yanachemka. Alinyoosha mkono, akamshika mwanawe shavu.

"Umechelewa, Rajab."

Nyange alifungua mdomo. Kwenye sahani pembeni palikuwa na kipande cha mkate mama alichokwisha kukiuma.

"Kulikuwa na abiria, mama," alisema.

Mama akampa kikombe. Alimwangalia akinywa kwa macho yake ya ukungu, akatabasamu, kisha fikira zikamwingia usoni.

"Na Nyange yuko wapi? Siku nyingi simsikii. Nduguyo mwambie aje anione, ningalipo."

"Nitamwambia."

Sasa huenda kila alasiri. Wakati wa kurudi, huendesha polepole sana mpaka avuke kijiji, mluzi usitoke. Akifika barabara kubwa, kabla ya kushika kasi, hufunga vioo asiusikie.