Unga wa Bibi Mlangoni pa Maabara

Juma lililopita nilikwenda Nachingwea mjini kununua mbegu za uyoga. Huoteshwa kwenye chupa, ndani ya chumba kisafi kuliko jiko langu. Mlangoni pa maabara hiyo nilimkuta binti wa kijiji cha Nandagala aliyesomea bioteknolojia, amekuja kujaribiwa kazi. Bibi yake alimsindikiza, na kwenye pindo la kanga alifunga unga wa mtama ili aunyunyize kizingitini, kama tunavyomwombea mtu anayeanza jambo.

Mama mwenye maabara akasimama katikati ya mlango. "Bibi, unga huo ukiingia humu, chupa zote zitaota ukungu."

"Si mnaotesha uyoga? Ukungu na uyoga si ndugu?"

"Ndugu wasioelewana, bibi. Unga ukiingia, mjukuu wako hana kazi."

Binti akamtazama yule mama, akamtazama bibi yake. Kisha akashuka uani, akapiga magoti na kukinga viganja. "Nimwagie hapa, bibi."

Akamwagiwa, akaombewa bila haraka. Halafu akaenda bombani, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, akajipaka spiriti na kuvaa koti safi. Hakuna aliyemwambia.

"Ingia," alisema yule mama. "Wenzako kunawa tu niliwafundisha wiki nzima."

Bibi akakung'uta kanga yake, mbali kidogo na mlango. "Mbegu zikiota, ni unga wangu," akasema. "Zikioza, ni spiriti yenu."

Waheshimiwa wetu nao husema hivyo kuhusu barabara, ila wao huja bila unga.