Kitufe cha Kupumua

Televisheni ya Fundi ilikuwa bubu, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani. Sasa niko kidato cha tatu na kila mwalimu anataka kujua nitakuwa nani nikiwa mkubwa, nami huwajibu kwamba nilishakuwa.

Banda lake la gemu lilikuwa Chikongola, hapa Mtwara mjini, nyuma ya maduka ya nguo, mabati pande zote, mchana linaiva kama tanuri. Mwenye banda tulimwita Fundi kwa sababu alitengeneza redio za watu na zilikuwa zinapona. Ya kwake ndiyo iliyomshinda. Spika ya televisheni ilipokufa aliifungua, akaifunga, zikabaki skrubu mkononi. Akazitia kwenye kopo na kututangazia kuwa gemu ni kitu cha kuangalia, siyo cha kusikiliza.

Gemu zilikuwa mbili. Kulikuwa na mpira, ambao kaka zetu waliucheza huku wakitukanana kama wako uwanjani kweli, na kulikuwa na yetu. Yetu ina stelingi mmoja mrefu, koti linaburuza, upanga mgongoni, bastola mbili kiunoni, na kazi yake ni kuua mashetani. Utasema basi, ukiua umemaliza. Thubutu. Gemu ile haikujali umeua wangapi, ilijali umewauaje. Ukirudia pigo lile lile kama mtu anayetwanga, inakunyamazia. Lakini ukimrusha shetani juu, ukamfuata huko huko angani, ukamchanja mara mbili tatu na kummalizia kwa risasi kabla hajagusa chini, pembeni mwa kioo zinaanza kupanda herufi: D, C, B, A, halafu S. Hiyo S ilitusumbua. Kaka mmoja wa kidato cha sita alitueleza kuwa kwenye matokeo yao S ni mtu aliyeponea chupuchupu, kwa hiyo kwa muda mrefu aliyeipata tulikuwa tunampa pole na kumshauri arudie mtihani. Tulipokuja kugundua kuwa ndiyo ya juu kuliko zote, tulikuwa tumeshawavunja moyo watu wazuri.

Kadi ya kutunzia gemu hatukuwa nayo. Kila aliyeshika pedi alianza mwanzo, na umeme nao ulikuwa na tabia zake, maana gesi ya Msimbati, hii inayotupa umeme leo, ilikuwa bado imelala chini huko haijui kama tunaihitaji. Mwisho wa gemu hakuna aliyeujua. Wote tulikuwa tunaishia pale pale, kwenye daraja bovu ambako kuna zimwi limesimama na shoka. Sasa watu wote mkiwa mnafika mahali pamoja, mtashindana nini? Tulishindana mbwembwe.

Na mbwembwe ni kama mwandiko. Ungechungulia tu kioo, hujaona mtu, ukajua nani kashika pedi. Kiranja wa darasa letu aliwaua mashetani kwa foleni, mmoja mmoja, utadhani anaandika majina ya wapiga kelele. Mimi nilianza kwa vishindo vingi na kufa mapema. Halafu alikuwepo jamaa wa kijiji cha Ziwani. Kwao wana mikorosho, yeye alikuwa kwa shangazi yake hapa mjini ili asome, na tulikaa dawati moja. Alikuwa haongei. Ukimsalimia anainua nyusi, umeshajibiwa. Lakini vidole vyake, we acha tu. Alikuwa anamwokota shetani na kumweka hewani, hamshushi, wala hana hasira naye, anamrusha na kumdaka kama mama anayepepeta mchele. S ya banda lile ilikuwa imebaki ya kwake peke yake.

Ni yeye aliyenipa kazi bila kujua. Siku hiyo alikuwa amemning'iniza shetani mmoja muda mrefu mpaka tukaanza kumhurumia, banda zima kimya, nami nikashindwa kujizuia. Nikamsemea yule shetani, kwa sauti ya mtu mzima mwenye familia: "Jamani niteremsheni, nimeacha sufuria jikoni." Watu walianguka. Fundi, ambaye hacheki ovyo, aliweka chini redio ya mteja na kujifuta machozi. Kesho yake akanionyesha kreti la soda pale mbele, pembeni ya televisheni, akasema hapo ndipo pangu. Sharti la banda lilikuwa kwamba asiye na hela anachungulia dirishani, na mimi hela yangu yote ilikuwa ya ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha, ya saa nne shuleni. Baba yupo bandarini, mama ni mwalimu, nyumba nzima inaamini mtoto hahitaji pesa, anahitaji kamusi. Kwa hiyo kreti lile lilikuwa kila kitu. Nilikaa bure, na jioni kabla ya kufunga Fundi alinipa zamu moja ya kwangu mwenyewe.

Nilifanya kazi, siyo mchezo. Mashetani wadogo niliwapa sauti ya mwalimu wetu wa nidhamu: wakimzunguka stelingi wanamuuliza kwa nini hajachomekea. Zimwi la darajani lilikuwa mama muuza samaki wa Msimbati ambaye mteja amemshika changu tumboni halafu hanunui. Upanga, risasi, mlango, vioo, vyote vilitoka kinywani mwangu. Nikienda nyumbani koo limekauka, mama ananipa maji ya chumvi nisukutue na kusema ni vumbi.

Kulikuwa na kitufe kimoja tu ambacho sikukipatia maneno. Kidogo, katikati ya pedi. Ukikibonyeza, stelingi anaacha kupigana, anasimama, anatingisha kichwa, mkono unachezacheza, na katika kusimama huko anapigwa. Tulimuuliza Fundi. Akasema hapo mtu anapumua, kwani nyie mkikimbia hampumui? Ikawa kitufe cha kupumua. Mwenye akili alikaa nacho mbali. Aliyekigusa kwa bahati mbaya, mimi nilimfanyia pumzi ya mzee mwenye pumu na kazi ikaendelea.

Halafu Fundi akaagiza televisheni mpya kutoka Dar.

Alituambia kwa furaha, na banda zima likashangilia, mimi nikiwa mmoja wa walioshangilia kwa nguvu kwa sababu akili yangu huchelewa kufika. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani ndipo nikaelewa. Televisheni nzima, yenye spika zake mbili, itanihitaji mimi ya nini? Ilikuwa masika. Barabara ya Dar kila masika inakatika, magari yanalala njiani na watu wanapika huko huko kwenye tope. Mtwara nzima iliomba mvua ipungue, kanisani kwetu na misikitini. Nadhani mimi peke yangu nilikuwa naomba iongezeke. Na iliongezeka, kwa muda nikajiona mtakatifu, mpaka sukari ilipoadimika nyumbani nikaanza kuogopa nilichokifanya.

Televisheni ilifika, imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Fundi akachomeka nyaya. Jamani. Mimi nisidanganye, ilikuwa tamu. Muziki ulitupiga kifuani, upanga ukalia kama bati linalochanwa, mashetani wakakoroma kutoka kila upande, mtoto mmoja akakimbilia nje. Nilisimama na kusahau kabisa kwamba nazikwa mimi. Jioni Fundi akaniita, siyo kwa ubaya. Kimakonde chake hakimwachi hata akiwa mpole.

"Ntoto wa bandari," akaniambia, "televisheni sasa ina ndomo wake. Wateja ni wengi. Kaa na wenzako kule."

Kule ni dirishani. Kesho yake juu ya kreti langu kulikuwa na redio ya mtu, haina kifuniko, inasubiri kutengenezwa.

Dirishani unaona nusu ya kioo na visogo vya watu. Ila unasikia vizuri. Jamaa wa Ziwani aliingia mara moja, akaniangalia pale nje, akainua nyusi, akacheza vibaya siku hiyo. Nami nilikuwa nimenuna, sisemi, labda ndiyo maana nilisikia. Kiranja alikuwa na pedi. Katika kufuta jasho akakigusa kile kitufe. Stelingi akasimama, mkono ukachezacheza, na safari hii akatoa sauti. Alicheka. Halafu akasema kitu kwa Kiingereza cha puani, taratibu, na mkono ule ulikuwa unaita, njoo, njoo, kama unavyomwita kuku uliyekwisha kuamua kumchinja. Pembeni mwa kioo herufi ikaruka kutoka C kwenda B. Stelingi akapigwa, kiranja akaomba radhi, eti amempumzisha kwa bahati mbaya, na watu wakamsamehe.

Mimi niling'ang'ania nondo za dirisha. Kiingereza sikukielewa wala sikukihitaji, dharau naijua hata ikisemwa Kichina. Mwaka mzima tulikuwa tunadhani mtu anapumua, kumbe anatamba! Waliotengeneza gemu ile walikaa chini, watu wazima, wakasema huyu stelingi awe na kitufe cha upanga, cha bastola, cha kuruka, na kimoja kisicho na kazi yoyote ila kumkejeli adui usoni. Na kwa kejeli hiyo wakampa alama. Yaani waliniwekea mimi kitufe.

Sikumwambia mtu. Wiki hiyo saa nne nilikunywa maji, ming'oko nikaiangalia tu ikiliwa na wengine, na Jumamosi nikaingia bandani na hela mkononi kama mteja. Palikuwa pamejaa. Nikamwambia Fundi mbele ya watu kwamba leo nitapata S. Watu walicheka kabla sijamaliza. Nikasema nikiipata, naomba kreti langu.

Fundi akazipokea hela zangu. "Na ukikosa?"

Nikasema nikikosa hata dirishani hataniona. Mdomo wangu huo, ulisema kabla ya kuniuliza.

Nikakaa. Wa kwanza nikawapiga vizuri, kwa mpango, D, C. Wakaja wanne, wakanizunguka. Nikamrusha mmoja juu, nikageuka, nikatua katikati ya waliobaki, nikabonyeza kitufe cha kupumua. Banda likaguna, kama mtu amedondosha sahani. Stelingi akacheka, akawaita, herufi ikaruka, nami nikaruka pembeni makucha yakikosa koti kwa unywele. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema hee. Nikampiga wa pili, nikatamba. Nikampiga wa tatu angani, nikashuka, nikatamba. Siri ilikuwa kwenye muda tu, na muda huo nilikuwa naujua kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu mwaka mzima nimekaa kwenye kreti nikitafuta ile nafasi ndogo kati ya pigo na pigo ambayo neno linaweza kuingia likachekesha. Ni nafasi ile ile. Ukiwahi, hakuna anayecheka. Ukichelewa, umekufa.

Nilifika darajani nikiwa na A na damu kiduchu. Zimwi likaja na shoka lake. Nikalichanja goti, nikaruka, nikalipiga risasi nikiwa hewani, na mdomo wangu umeshafunguka wenyewe, nalibishia bei ya changu, banda linaunguruma, sisikii hata muziki. A ilikuwa inatetemeka pembeni, inataka kitu kimoja tu. Zimwi likainua shoka. Nilikuwa na nafasi ya kukimbia, na mtu yeyote mwenye akili angekimbia. Nikabonyeza kitufe cha katikati.

Stelingi akasimama wima chini ya shoka, akacheka, akaliita. S ikatokea, kubwa, inawaka. Shoka likashuka. Akafa S ikiwa bado ipo kiooni.

Zogo lililofuata sijawahi kuliona tena, hata siku ya matokeo. Nusu ya banda walisema nimeshinda, nusu wakasema maiti hana alama. Kiranja alitaka tupige kura. Fundi akanyoosha mkono pedi irudi, sheria ni sheria, aliyekufa anaachia, na usoni mwake nikaona anaelekea kunipeleka nje. Nikaanza kusimama.

Ndipo jamaa wa Ziwani akaongea. Watu waligeuka kumtafuta aliyeongea, hawakuizoea sauti yake.

"Fundi, alisema ataipata. Hakusema ataishi."

Fundi akajikuna shingo. Akatutazama wote, akasema sisi watoto tukamalizie shule za mawakili, halafu akainua ile redio kutoka kwenye kreti na kutafuta pengine pa kuiweka. Nikakaa kabla hajabadili mawazo.

Zamu ilikuwa ya jamaa wa Ziwani. Akaweka hela, akashika pedi, na kwa mara ya kwanza nilimwona vidole vinasita. Shetani wa kwanza tu alimrusha, akagusa kile kitufe, na akapigwa papo hapo kama mgeni. Banda likamcheka, yeye, mwenye S yake. Hakukasirika. Akamwinua shetani mwingine, akamweka hewani kwa ule mpepeto wake, juu, juu, hamshushi, macho kwenye kioo, akaniuliza kwa sauti ya chini abonyeze lini.

Nikasogeza kreti karibu. Nikamwambia bado. Shetani akazunguka hewani. Bado. Wenzake watatu wakaingia mlangoni na makucha yao, banda likaacha kupumua.

"Sasa," nikamwambia.